Thomas Fuller, Mtumwa Aliyekuwa Bingwa wa Hesabu

Zamani, katika Virginia huko Marekani, palikuwa na mzee mmoja Mwafrika aliyeitwa Thomas Fuller. Mzee huyu alikuwa mtumwa. Hakujua kusoma wala kuandika. Lakini kwa hesabu za kichwa aliwashinda watu waliokaa shuleni miaka mingi. Wasafiri waliopita sehemu ile walisikia habari zake, wakamtafuta ili wamwulize maswali.

Thomas Fuller alizaliwa Afrika ya Magharibi karibu na mwaka 1710. Alizaliwa katika sehemu ya pwani, kati ya nchi ambazo leo zinaitwa Liberia na Benin. Wazazi wake hawakumwita Thomas Fuller. Jina hilo alipewa ugenini. Mwaka 1724, akiwa kijana wa miaka 14, aliuzwa utumwani. Alipakiwa merikebuni, akavushwa bahari ya Atlantiki, akafikishwa Amerika. Wakati huo Virginia ilikuwa koloni la Uingereza.

Huko alifanya kazi ya shamba maisha yake yote. Alilima, alipanda, alivuna, na mavuno yakawa ya wenye shamba. Yeye mwenyewe pia alihesabiwa kuwa mali, kama jembe na ng'ombe. Katika uzee wake alikuwa mali ya mwanamke aliyeitwa Elizabeth Cox, karibu na mji wa Alexandria.

Mkia wa ng'ombe

Hakuna mtu aliyemkalisha darasani kumfundisha hesabu. Alieleza mwenyewe jinsi alivyoanza. Kwanza alihesabu mpaka 10. Akaendelea mpaka akaweza kuhesabu 100. Hapo akajiona kuwa ni mtu mwerevu sana. Baadaye akatafuta kitu kigumu zaidi cha kuhesabu. Akauchukua mkia wa ng'ombe, akahesabu nywele zake moja moja. Akapata nywele 2,872.

Hebu fikiri juu ya kazi hiyo. Ng'ombe hatulii, na mkia wake hautulii kabisa. Mtu akikosea katikati, lazima aanze upya. Fuller alimaliza.

Kisha akahesabu punje za ngano, moja moja, mpaka kipimo kizima kikaisha. Akahesabu na mbegu za kitani vivyo hivyo. Watu wengine waliona kuwa anacheza. Lakini kutokana na mchezo huo aliweza kujua shamba la ukubwa fulani linahitaji mbegu kiasi gani. Aliweza kusema ua wa shamba utahitaji miti mingapi. Alisema kabla kazi haijaanza, na hesabu yake ilikuwa sawa. Kwa hiyo mbegu hazikupotea na miti haikukatwa bure. Faida hiyo aliipata Bibi Cox.

Watu kadhaa walitaka kumnunua Fuller kwa fedha nyingi, kwa sababu ya ajabu ya akili yake. Bibi Cox alikataa kumwuza. Fuller alimshukuru kwa jambo hilo. Tusishangae. Mtumwa aliyeuzwa aliweza kutengwa na jamaa na marafiki siku hiyo hiyo, asiwaone tena. Mtu aliyekwisha kuuzwa mara moja akiwa mtoto aliijua maana ya kuuzwa.

Maswali ya wageni

Fuller alipokuwa na umri wa miaka kama 70, walikuja wageni wawili kutoka Pennsylvania. Majina yao yalikuwa William Hartshorne na Samuel Coates. Walikuwa wamesikia sifa zake wakiwa safarini, wakaomba aitwe. Akaja mzee mwenye mvi, mwili umechoka kwa kazi na umri. Wakataka kuhakikisha kama habari walizosikia ni za kweli.

Swali la kwanza lilikuwa hili. Mwaka mmoja na nusu una sekunde ngapi? Sekunde ni kipande kidogo cha wakati, kama pigo moja la moyo. Sekunde 60 ni dakika moja.

Mzee alifikiri dakika kama mbili. Akajibu kuwa ni sekunde 47,304,000. Tusome pamoja: milioni arobaini na saba, laki tatu na elfu nne.

Sisi tuna kalamu, basi tumfuate polepole. Saa moja ina dakika 60, na kila dakika ina sekunde 60. Zidisha 60 kwa 60, utapata 3,600. Siku moja ina saa 24. Zidisha 3,600 kwa 24, utapata 86,400. Mwaka una siku 365. Zidisha 86,400 kwa 365, utapata 31,536,000. Nusu ya hiyo ni 15,768,000. Jumlisha mwaka na nusu yake, utapata 47,304,000. Jibu la mzee ni sahihi.

Swali la pili lilikuwa gumu zaidi. Mtu ameishi miaka 70, siku 17 na saa 12. Ameishi sekunde ngapi? Safari hii mzee alitumia dakika moja na nusu tu. Akajibu kuwa ni sekunde 2,210,500,800. Yaani bilioni mbili, milioni mia mbili na kumi, laki tano, na mia nane.

Mmoja wa mabwana wale alikuwa akifanya hesabu hiyo kwa kalamu na karatasi. Alipomaliza alimwambia mzee kuwa amekosea. Alisema jibu la kweli si kubwa kiasi hicho.

Mzee hakunyamaza. Alimwambia yule bwana kuwa amesahau miaka mirefu. Bwana akarudi kwenye karatasi yake, akaongeza siku za miaka mirefu, na majibu yao yakalingana.

Hapa tusimame kidogo. Mwenye kalamu alikuwa mtu huru, mtu mzima, aliyesoma. Asiyekuwa na kalamu alikuwa mtumwa mzee. Kumkosoa bwana mbele ya watu halikuwa jambo dogo kwa mtumwa. Lakini alikuwa na hakika na hesabu yake.

Kuujua mwaka mrefu

Mwaka wa kawaida una siku 365. Mwaka mrefu una siku 366, kwa sababu Februari inapata siku ya 29. Mwaka mrefu huja kila baada ya miaka minne. Ukigawanya 70 kwa 4 unapata 17 na inabaki 2. Kwa hiyo Fuller aliongeza siku 17. Siku hizo 17 zina sekunde 1,468,800. Asiyezihesabu atapata 2,209,032,000, naye atadhani amemaliza.

Tunaujuaje mwaka mrefu bila kalenda? Mwaka ukigawanyika kwa 4 bila baki, ni mwaka mrefu. Na hapa ipo njia ya mkato. Huna haja ya kugawanya namba yote. Tazama tarakimu mbili za mwisho tu.

Chukua mwaka 1788. Acha 17, tazama 88. Namba 88 inagawanyika kwa 4, kila fungu linapata 22. Basi 1788 ulikuwa mwaka mrefu. Chukua 1790. Tazama 90. Ukigawa kwa 4 unapata 22 na inabaki 2. Basi 1790 haukuwa mrefu.

Kwa nini tunaacha tarakimu za mbele? Kwa sababu mia moja hugawanyika kwa 4 bila baki, kila mtu anapata 25. Kama mia moja haiachi baki, mia mbili nayo haiachi, na elfu moja haiachi, na laki moja haiachi. Yote hayo ni mamia matupu. Baki, kama ipo, itatoka katika tarakimu mbili za mwisho.

Jaribu nywele za mkia wa ng'ombe, 2,872. Tazama 72. Watu wanne watapata 18 kila mmoja katika hizo 72. Basi nywele zote 2,872 zinagawanyika kwa 4.

Miaka inayoishia na sifuri mbili ina sheria yake. Hiyo huwa mirefu pale tu inapogawanyika kwa 400. Kwa hiyo 1900 haukuwa mrefu, lakini 2000 ulikuwa mrefu.

Kupima jibu kwa 9

Namba kubwa kama 2,210,500,800 inatisha. Mtu asiye na muda wa kuifanya upya anaweza kuipima vipi? Ipo njia nyingine ya mkato, nayo ni ya namba 9.

Jumlisha tarakimu zote za namba. Kama jumla inagawanyika kwa 9, namba nzima inagawanyika kwa 9. Kama jumla ina baki, namba nzima ina baki hiyo hiyo.

Tuone kwa machungwa. Watu tisa wana machungwa 738, wanataka kugawana sawasawa. Tarakimu ni 7, 3 na 8. Jumla yake ni 18. Kumi na nane hugawanyika kwa 9, basi machungwa yote yatagawanyika. Kila mtu atapata 82.

Sababu yake ni rahisi ukiiona kwa macho. Weka machungwa katika mafungu: mafungu 7 ya mia mia, mafungu 3 ya kumi kumi, na machungwa 8 pembeni. Chukua fungu moja la mia. Mpe kila mtu 11. Yametoka 99, limebaki 1. Kila fungu la mia linabakiza 1, kwa hiyo mafungu 7 yanabakiza 7. Chukua fungu la kumi. Mpe kila mtu 1. Yametoka 9, limebaki 1. Mafungu 3 yanabakiza 3. Yale 8 ya pembeni bado yapo. Sasa mna 7 na 3 na 8, yaani 18. Mpe kila mtu 2, kazi imekwisha. Tarakimu zenyewe ndizo mabaki. Watu wengi hufundishwa njia hii bila kuambiwa sababu, ndiyo maana huisahau.

Sasa turudi kwa mzee Fuller. Siku moja ina sekunde 86,400. Jumlisha 8, 6 na 4. Unapata 18, ambayo hugawanyika kwa 9. Nusu ya siku ina sekunde 43,200. Jumlisha 4, 3 na 2. Unapata 9. Kwa hiyo jibu lolote la siku nzima au nusu siku ni lazima ligawanyike kwa 9. Kama haligawanyiki, kuna kosa.

Jibu lake la kwanza ni 47,304,000. Jumla ya tarakimu ni 18. Limepita. Jibu lake la pili ni 2,210,500,800. Jumla ya tarakimu ni 18. Nalo limepita.

Lakini angalia vizuri. Lile jibu la mtu aliyesahau miaka mirefu ni 2,209,032,000. Jumlisha tarakimu zake. Nazo ni 18! Jibu lenye kosa nalo limepita kipimo chetu. Njia ya 9 inakamata makosa mengi ya kuzidisha na kujumlisha. Haiwezi kumwambia mtu kuwa amesahau siku 17. Karani anaweza kuandika jumla isiyo na kosa hata moja kwenye karatasi ya mizani, na huku gunia moja la pamba halikuandikwa. Jumla itakuwa sawa, na mkulima atakuwa amepunjwa. Fuller hakumshinda yule bwana kwa kuzidisha tu. Alikumbuka jambo ambalo mwenzake hakulikumbuka.

Swali la nguruwe

Wageni waliuliza swali la tatu. Mkulima ana nguruwe majike 6. Katika mwaka wa kwanza kila jike anazaa watoto majike 6. Wote wanaendelea kuongezeka kwa kiasi hicho hicho kila mwaka. Mwisho wa miaka 8, mkulima atakuwa na majike wangapi, kama hakufa hata mmoja?

Mzee alichukua dakika 10. Alichelewa kwa sababu mwanzoni hakulielewa swali vizuri. Alipolielewa alijibu: 34,588,806.

Mtu mwingine angezidisha kwa 6 kila mwaka. Hapo ndipo penye mtego. Jike mmoja akizaa watoto 6, wanakuwa 7, maana mama bado yupo zizini. Kwa hiyo tunazidisha kwa 7. Mwaka wa kwanza ni 42. Wa pili ni 294. Wa tatu ni 2,058. Endelea mpaka mwaka wa nane utafika pale alipofika mzee.

Hesabu hii ilianza na 6, basi jibu lazima ligawanyike kwa 6. Namba hugawanyika kwa 6 ikiwa inagawanyika kwa 2 na pia kwa 3. Kwa 2 tazama tarakimu ya mwisho. Hapa ni 6, basi inagawanyika. Kwa 3 jumlisha tarakimu zote, kama tulivyofanya kwa 9. Jumla ya tarakimu za 34,588,806 ni 42. Nayo 42 hugawanyika kwa 3. Jibu limepita. Kwa 7 nako ipo njia ya mkato, lakini ni ndefu, na mimi naona ni afadhali kugawanya tu.

Watu waliomjua walisema pia kwamba mzee huyu aliweza kukatizwa katikati ya hesabu, akazungumza mambo mengine, kisha akaendelea pale alipoachia bila kuharibu kitu.

Barua ya daktari

Bwana mmoja alisema mbele ya Fuller kuwa ni huruma mtu mwenye akili hivi hakupata elimu. Fuller alijibu kuwa ni afadhali hivyo, kwa maana wasomi wengi ni wajinga wakubwa. Watu hupenda kukitaja kisa hiki na kucheka. Mimi nalisoma jibu hilo kwa namna nyingine. Mzee aliulizwa na watu wenye nguvu juu ya kitu alichonyimwa. Alikuwa ametoka kumsahihisha msomi mmoja muda huo huo. Alijibu kwa heshima yake.

Huko Philadelphia alikuwako daktari mashuhuri, Benjamin Rush. Mwaka 1776 Rush alitia sahihi Tangazo la Uhuru wa Marekani, linalosema kuwa watu wote wameumbwa sawa. Mwaka 1788 aliandika barua kueleza maswali na majibu ya Fuller. Barua hiyo ilitumiwa na watu waliopinga utumwa. Wakati ule wenye watumwa walidai kuwa Mwafrika hana akili ya kutosha kuwa huru. Wapinzani wao walimtaja Fuller. Rush naye alikuwa na mtumwa nyumbani kwake wakati alipoandika barua ile. Dunia ya wakati huo ilikuwa hivyo, na ni vema kuisema.

Barua ilisafiri mpaka Ulaya. Fuller alibaki shambani.

Alikufa mwaka 1790, akiwa na umri wa miaka 80. Alikufa akiwa mtumwa. Gazeti moja la Boston lilitangaza kifo chake mwezi Desemba. Liliandika kuwa kama angepata nafasi sawa na watu wengine, wataalamu wakubwa wa London na Paris, hata Newton mwenyewe, wasingeona haya kumwita ndugu yao katika elimu.

Miaka 200 baadaye, mwaka 1990, wataalamu wawili wa historia ya hesabu waliandika upya habari zake. Mmoja wao, Paulus Gerdes, alikuwa mwalimu katika nchi jirani ya Msumbiji. Walikumbusha kuwa Fuller alitoka Afrika akiwa na miaka 14, umri wa mtoto aliyekwisha kujua mengi. Katika Afrika ya Magharibi ya wakati ule watu walinunua na kuuza kwa kauri, yaani simbi za pwani. Biashara ya simbi ilitaka watu hodari wa kuhesabu maelfu kwa kichwa. Basi huenda hakuanza na mkia wa ng'ombe. Huenda hesabu alikwenda nayo katika merikebu.

Tangu mwaka 1724 alipouzwa mpaka 1790 alipokufa ni miaka 66. Katika miaka hiyo yote alifanya kazi bila mshahara. Ni siku ngapi? Swali hili naliacha kwa darasa lenu. Fanyeni kwa kichwa kwanza, kisha kwa kalamu, na msisahau miaka mirefu.